Sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba: kwa nini uzee wake si bei yake

Picha ileile hurudi kwenye simu zetu kila baada ya muda. Kiganja cha mtu, na juu yake sarafu ya shaba iliyoota kijani, yenye tundu la mraba katikati na herufi nne za Kichina zikilizunguka. Chini ya picha, maswali hayabadiliki. Ni ya mwaka gani? Ina dhahabu? Inauzwa milioni ngapi? Watu wa pwani nao huongeza lao: je, si hii ndiyo inayothibitisha kwamba Wachina walifika kwetu kabla ya Wareno?

Maswali yote ni halali. Tatizo ni kwamba yamefungwa fundo moja, na mtu akijibu moja anadhani amejibu yote. Umri wa sarafu ni jambo moja, bei yake ni jambo jingine, uhalisi wake ni la tatu, na kile inachothibitisha mahali ilipookotwa ni la nne kabisa. Tufungue fundo taratibu.

Kwanza maneno matatu. Nasaba ni ukoo wa wafalme wanaorithishana kiti, kama ukoo wa Busaidi ulivyorithishana usultani wa Zanzibar. Nasaba utakazokutana nazo zaidi kwenye sarafu za China ni Han, Tang, Song, Ming na Qing. Neno la pili ni jina la enzi. Mfalme alipokalia kiti aliupa utawala wake jina la heri, na miaka ikahesabiwa kwa jina hilo. Mtanzania akisema "Awamu ya Tatu" anajua anazungumzia miaka gani bila kumtaja rais, na jina la enzi lilifanya kazi hiyo hiyo. Ndilo linaloandikwa kwenye sarafu nyingi, wala si jina la mfalme mwenyewe. Neno la tatu ni la wahunzi wetu: kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Sarafu tunazolipia daladala hugongwa chapa na mashine. Za China zilisubiwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na mashine za kugonga chapa zilianza kuchukua nafasi mwaka 1889 tu, katika kiwanda cha Guangdong.

Kutoka kauri hadi tundu la mraba

Kabla ya sarafu kulikuwa na kauri, wale makombe wadogo wa baharini wenye mgongo unaong'aa. Wachina wa kale waliwathamini kiasi kwamba alama ya kombe hilo, inayotamkwa bei kwa Kichina, imebaki ndani ya maandishi yao hadi leo: imo katika herufi ya kununua, ya mali, ya ughali, ya umaskini, hata ya deni. Huku kwetu habari hiyo haishangazi. Mganda akitaja pesa husema ensimbi, neno lile lile la kauri, kwa kuwa kauri zilikuwa pesa Buganda.

Baadaye falme za China zilizokuwa zikipigana zikaanza kusubu pesa za shaba zenye maumbo ya zana: majembe madogo upande mmoja, visu vidogo upande mwingine. Jembe kuwa pesa nalo si jambo geni kwetu, maana katika jamii nyingi za bara jembe la chuma lililipia mahari na bidhaa. Tofauti ni kwamba majembe ya China yalikuwa membamba na madogo, yasiyoweza kulima hata tuta moja. Umbo ndilo lililobaki, kazi ikawa imeondoka.

Mwaka 221 KK mfalme wa Qin aliziteka falme zote, akajiita Qin Shi Huang, akaunganisha mizani, maandishi na pesa. Sarafu aliyoieneza nchi nzima ilikuwa ya duara yenye tundu la mraba, na juu yake herufi mbili tu: Banliang, yaani nusu liang. Liang ilikuwa kipimo cha uzito, na liang moja iligawanywa katika zhu 24. Kwa hiyo Banliang ilipaswa kuwa na zhu 12.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga. Nasaba ya Han ilipoingia iliendelea kusubu Banliang, lakini ikaipunguza. Mwaka 186 KK ilikuwa na zhu 8. Mwaka 175 KK ilikuwa na zhu 4, na bado ikaandikwa "nusu liang". Ni kama kibaba kilichokatwa ukingo mara mbili na muuzaji akaendelea kukiita kibaba. Mkusanyaji anayejua jambo hili hukimbilia mizani kabla ya kuuliza chochote, kwa sababu sarafu mbili zenye maandishi sawa zinaweza kupishana miaka mingi, na gramu ndizo zitakazosema ipi ni ipi.

Mwaka 118 KK mfalme Wu wa Han alikomesha uongo huo kwa sarafu iliyosema uzito wake wa kweli: Wuzhu, yaani zhu tano. Ikadumu. Tawala zikaja na kuondoka, Wuzhu ikaendelea kusubiwa kwa zaidi ya miaka 700. Katikati alitokea Wang Mang, aliyenyakua kiti mwaka 9 BK na kuvuruga pesa kuliko mtawala yeyote ninayemfahamu. Alikuwa ameshatoa visu vya shaba vilivyotiwa maandishi ya dhahabu, kimoja akitaka kikubaliwe kwa Wuzhu 5,000. Mwaka 10 BK akaweka mfumo wa pesa za aina 28, zikiwemo za gamba la kobe na kauri zenyewe. Watu walikataa wakarudi kwenye Wuzhu zao, adhabu zikaongezwa, na mwaka 23 aliuawa. Sarafu zake ni nzuri ajabu. Wakusanyaji wengi huziona kuwa miongoni mwa kazi bora za kusubu zilizowahi kufanywa China, na nakubaliana nao, ingawa kila nikizitazama huwafikiria wachuuzi waliolazimishwa kuzipokea.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 621. Nasaba ya Tang ilitoa Kaiyuan Tongbao, na tangu hapo sarafu ikaacha kutaja uzito. Herufi zake nne ziliandikwa na Ouyang Xun, mmoja wa mabingwa wa hati wa zama zake. Tongbao maana yake ni hazina ipitayo kote, na neno hilo likabaki kwenye sarafu za China kwa karibu miaka 1,300. Uzito ulipangwa ili sarafu kumi zitimize liang moja, hesabu nyepesi hata kwa asiyesoma. Japani, Korea na Vietnam waliiga umbo hilo hilo. Ndiyo maana si kila sarafu yenye tundu la mraba na herufi nne ni ya China, hata kama muuzaji anaapa.

Kaiyuan huwachanganya hata waliosoma. Baadaye mfalme Xuanzong wa Tang alikuwa na enzi iliyoitwa Kaiyuan, kuanzia 713 hadi 741, na wengi huamini sarafu ilipewa jina la enzi hiyo. Sarafu ilitangulia kwa zaidi ya miaka 90. Nyingine zina alama ya mwezi mwandamo mgongoni, na hadithi husema malkia alichomeka ukucha kwenye nta ya sampuli na hakuna aliyethubutu kuifuta. Hadithi tamu, lakini ni hadithi tu.

Na tundu? Utaambiwa kwamba duara ni mbingu na mraba ni ardhi. Ni kweli Wachina walikuwa na fikra hiyo, ila karakana ina jibu lake. Fundi alichukua sarafu mama, nzuri kuliko zote, akaigandamiza kwenye mchanga laini uliofungwa kwenye fremu, akaitoa, ikaacha alama yake kama unyayo kwenye mchanga wa pwani. Alama nyingi ziliunganishwa kwa mfereji mmoja, shaba ikamiminwa, na fremu ilipofunguliwa kilitoka kitu kama tawi lenye sarafu badala ya majani. Sarafu zikakatwa moja moja, na kila moja ilikuwa na ukingo wenye makovu. Kuzipiga tupa moja moja ni kazi ya siku nzima. Basi walizipanga nyingi kwenye fimbo ya pembe nne, zikatulia bila kuzunguka, wakazipiga tupa zote kwa pamoja. Tundu la duara lingeziacha zizunguke kwenye fimbo. Zikishatoka kiwandani, tundu hilo hilo lilipitisha kamba. Sarafu 1,000 kwenye kamba zilikuwa mtungo mmoja, kama mvuvi anavyotunga samaki.

Wazee wetu wanazikumbuka senti za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, zilizokuwa na tundu la duara. Hizo ziligongwa kwa mashine na hazina undugu na za China, japo nimeona watu wakiziuza pamoja kwenye sinia moja.

Kwa nini ya miaka 900 inaweza kuwa rahisi

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na ningependa wavunjike moyo mapema kabla hawajatoa pesa. Uzee pekee hauleti bei. Kinacholeta bei ni zimebaki ngapi na zinatafutwa na wangapi.

Nasaba ya Song, iliyoanza mwaka 960, ilisubu sarafu kwa wingi ambao dunia haikuwa imewahi kuuona. Karibu na mwaka 1080 viwanda vyake vilitoa zaidi ya mitungo milioni 5 kwa mwaka mmoja. Hayo ni mabilioni ya sarafu, hata ukikumbuka kwamba serikali yenyewe ilikubali mtungo wa sarafu 770 kuwa umetimia. Kuzipeleka nje ya nchi kulipigwa marufuku, na wafanyabiashara walizipeleka tu: Japani, Java, Vietnam. Miaka ya 1970 meli iliyozama mwaka 1323 karibu na Sinan, pwani ya Korea, iligunduliwa ikiwa na takriban tani 28 za sarafu za Kichina. Meli moja. Ndiyo maana sarafu ya kawaida ya Song, iliyoshikwa na mikono ya watu miaka 900 iliyopita, mara nyingi huuzwa kwa bei isiyozidi chakula cha mchana cha mgahawani. Mimi naiona hiyo kuwa habari njema. Kitu cha kale namna hiyo kimefikika na mwalimu, fundi cherehani na mwanafunzi.

Song ina raha nyingine. Wafalme wake walibadilisha majina ya enzi mara kwa mara. Renzong peke yake, katika utawala wa 1022 hadi 1063, alikuwa na tisa. Kwa hiyo sarafu nyingi hubana ndani ya miaka michache tu, na mtu anaweza kupanga utawala mzima mezani kama shajara. Enzi yake moja iliitwa Baoyuan, na ungeongeza Yuanbao, neno la kawaida la sarafu kama Tongbao, ungepata Baoyuan Yuanbao, neno likijirudia vibaya. Wakaandika Huang Song Tongbao badala yake, na ni mojawapo ya sarafu za kale rahisi kupatikana. Mfalme Huizong naye alikuwa mchoraji na bingwa wa hati, na herufi nyembamba kali kwenye sarafu za Daguan ni mwandiko wake mwenyewe. Ukiishika sarafu hiyo umeshika mwandiko wa mfalme, na hakuna kitu kwenye meza yangu ninachokitazama mara nyingi zaidi.

Sarafu adimu huzaliwa na muda mfupi. Huizong aliachia kiti, mwanawe akaanza enzi ya Jingkang mwaka 1126. Mwaka 1127 Wajurchen, watu wa kaskazini, waliuteka mji mkuu Kaifeng na kuwachukua baba na mwana mateka. Enzi ya zaidi kidogo ya mwaka mmoja, katikati ya vita: sarafu zake ni chache na ghali. Mwaka 1861 mtoto aliyerithi kiti cha Qing alitangaziwa enzi ya Qixiang, viwanda vikaanza kusubu, kisha mama yake Cixi na washirika wake wakawapindua waliokuwa wakitawala kwa niaba ya mtoto huyo, na jina likabadilishwa kuwa Tongzhi. Qixiang iliyobaki ni ndoto ya kila mkusanyaji, na ina umri wa miaka mia moja na sitini na kitu tu. Iweke kando ya Wuzhu ya miaka 2,000 inayouzwa kwa bei ya soda chache, uone uzee una uzito gani sokoni.

Kuna pia zile ambazo hazikuwahi kuwa pesa. Wachina walitengeneza hirizi zenye umbo la sarafu, za kuombea watoto, kufaulu mitihani au kufukuza mashetani. Maarufu ni Zhengde Tongbao. Enzi ya Zhengde ilikuwepo kweli, 1506 hadi 1521, lakini haikusubu sarafu zake. Hizo unazoziona, nyingi zikiwa na joka mgongoni, ni hirizi za baadaye. Halafu ziko zile tano zinazofungwa kwa uzi mwekundu na kuuzwa kama kivutio cha utajiri, zikibeba majina ya enzi tano za Qing: Shunzhi, Kangxi, Yongzheng, Qianlong na Jiaqing. Majina ni ya kweli. Sarafu zenyewe mara nyingi zimetoka kiwandani juzi.

Bandia, limau na majivu

Bandia ni nyingi kuliko halisi katika maduka ya watalii na mitandaoni, na zinazotisha zaidi ni zile zilizosubiwa kwa njia ile ile ya zamani. Hakuna jaribio moja linalotosha. Sumaku haivuti shaba, kwa hiyo sarafu inayorukia sumaku ina maswali ya kujibu. Ila Song walisubu pia sarafu za chuma, hasa kwa ajili ya Sichuan, basi sumaku nayo si hakimu wa mwisho. Angalia rangi ya madini penye mkwaruzo. Za kale, kutoka Han hadi Song, ni mchanganyiko wa shaba, bati na risasi. Shaba ya njano, iliyochanganywa na zinki, iliingia kwenye sarafu wakati wa Ming. Wuzhu inayong'aa njano kama kitasa cha mlango haikutoka Han. Ukijani wa kweli umeula mwili wa sarafu, haukwaruziki kwa ukucha. Ukijani wa bandia ni rangi iliyopakwa, na mara nyingi hutoka kwenye maji ya moto. Pima kipenyo na uzito, linganisha. Na sarafu kubwa kama kisahani, yenye majoka mawili na bei ya kushtua, iache mezani kwa mwenyewe.

Sasa la moyoni. Tumezoea kusugua birika na sinia za shaba kwa limau, ukwaju au majivu mpaka zimetakata. Usiifanyie hivyo sarafu ya kale. Ukijani ule ni ngozi yake. Ukiutoa umefuta herufi, umepunguza bei, na umeondoa alama za udongo ilimolala. Kinachohitaji tahadhari ni unga wa kijani kibichi uliopauka, unaopukutika kama poda. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na chumvi na unyevu, na pwani tuna vyote viwili. Sarafu yenye unga huo itenge na wenzake, iweke pakavu kabisa.

Iliyookotwa Mambrui

Turudi kwenye swali la watu wa pwani. Mwaka 2010 timu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking, ikichimba Mambrui karibu na Malindi, ilitangaza kupata sarafu ya Yongle Tongbao. Mwaka 2013 nyingine ya aina hiyo ikatangazwa kutoka kisiwa cha Manda, katika kazi iliyoongozwa na mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, wakati huo akiwa makumbusho ya Field Museum ya Chicago. Yongle ni enzi ya 1403 hadi 1424, na mfalme wake ndiye aliyemtuma Zheng He kuvuka Bahari ya Hindi kwa merikebu. Safari zake saba zilidumu kutoka 1405 hadi 1433, na kumbukumbu za China zinaitaja Malindi. Twiga aliyepelekwa kutoka huko alifika mbele ya mfalme mwaka 1415.

Watu waliunganisha vitu hivyo viwili mara moja: sarafu ni ya Yongle, Zheng He ni wa Yongle, basi Zheng He aliiangusha. Sarafu haijasema hivyo. Inachosema ni kwamba haikufika Mambrui kabla ya kusubiwa. Ingeweza kuletwa na baharia wa Zheng He. Ingeweza pia kuja miaka 50 baadaye katika mfuko wa mfanyabiashara kutoka Gujarat au Hormuz, maana sarafu za China zilipita mikononi mwa watu wengi na ziliendelea kutumika karne nyingi baada ya mfalme wake kufa. Safari za Zheng He zina ushahidi wake wa maandishi, hazihitaji kubebwa na sarafu moja.

Cha kuumiza ni kwamba kelele za 2010 zilifunika habari kubwa zaidi. Biashara kati ya pwani yetu na China ni ya zamani kuliko Yongle. Mwaka 1945, Kajengwa huko Makunduchi, Unguja, kulipatikana akiba ya sarafu za Kichina zaidi ya mia moja zikiwa pamoja, chache za Tang na nyingi za Song. Na vyombo vya China vimejaa Gede na kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, ambako mabakuli yalipachikwa ukutani kama mapambo. Kiswahili chenyewe kimeweka kumbukumbu: neno kauri tunalitumia kwa kombe lililokuwa pesa na kwa bakuli lililotoka ng'ambo.

Akiba ya Kajengwa inazungumza kuliko sarafu moja kwa sababu zilikuwa pamoja. Mchanganyiko wake unaonyesha pesa iliyokusanywa katika mzunguko, ambamo sarafu ya Tang bado ilikaa kamba moja na ya Song. Zingeuzwa moja moja kwa watalii, leo tungekuwa na vipande vya shaba visivyo na kwao.

Kwa hiyo ukiiona ya kwako mchangani, iwe Mambrui au Makunduchi, usiioshe. Ipige picha hapo hapo ilipo, kabla ya kuiinua, ukiweka kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa. Andika mahali, tarehe, kina, na kilichokuwa karibu: vigae, makaa, shanga, ukuta. Usichimbe kutafuta ya pili. Peleka taarifa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa, na Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na kama sarafu uliinunua dukani, tafuta bahasha ndogo ya karatasi kavu, uandike juu yake ulikoipata, siku gani, kwa bei gani, uzito na kipenyo chake, kisha uitie humo.